Kuanguka na Kuangusha

Mara ya kwanza niliposomewa ile fomu nilijibu hapana kwa kila swali, na nilifanya hivyo kwa makusudi.

Ilikuwa Jumatano, siku ya kliniki ya kifafa katika kituo cha afya ninakochukulia vidonge vyangu hapa Mtwara mjini. Nesi wetu, mama wa makamo mwenye sauti inayofika mpaka dirisha la dawa bila kupazwa, aliniita, akafungua karatasi mpya, akasema kuanzia mwezi ule kila mwenye kifafa ataulizwa habari za moyo wake. Watu kama sisi, alisema, tunashikwa na sonona kuliko wengine, na hakuna anayetuuliza.

"Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda?"

"Mambo gani, sista?"

"Ya kwako. Mimi nitayajuaje?"

"Hapana."

"Umekosa usingizi, au umelala kupita kiasi?"

"Vidonge mnavyonipa vinalaza ng'ombe, halafu mnaniuliza kama nalala?"

"Jibu, mwanangu. Benchi limejaa."

"Hapana."

Haikuwa kweli. Nilikuwa naamka saa nne asubuhi na kurudi kulala saa sita, na si vidonge vilivyokuwa vikinifanya nifunge dirisha. Lakini nilikuwa nimeulizwa vya kutosha maishani. Tangu siku niliyoanguka mstarini, nikiwa kidato cha tatu, kila aliyenijia na swali alikuwa na jibu lake mfukoni. Mganga aliyeletwa na mama mdogo aliuliza ni nani katika ukoo anayenichukia, na alishamjua. Ustadhi aliuliza kama nasali sala zote tano. Bosi wangu wa Dar es Salaam, baada ya mimi kuanguka ofisini mbele ya wageni, aliniuliza kwa upole kama ningependa kupumzika kidogo. Nilirudi hapa Mtwara, mtaa wa Ufukoni, kwa mama yangu kupumzika kidogo, na huu ulikuwa mwaka wa pili. Mimi nina shahada ya takwimu. Najua swali linavyotengenezwa, na najua kwamba anayeuliza ndiye anayepanga jibu litakaa kwenye kisanduku gani. Sikuona sababu ya kuingia kwenye kisanduku cha mtu.

Nesi alijumlisha. "Sifuri," alisema. Akaniangalia juu ya miwani. "Haya, msomi. Kama maswali yangu mabaya, njoo unisaidie kuyasoma. Nusu ya hawa hawasomi, na mimi nina mdomo mmoja."

"Na siri za wagonjwa?"

"Siri gani? Hapo benchini mnajuana mpaka sabuni mnazoogea."

Hata hivyo alilipeleka jambo hilo kwa mganga mfawidhi wa kituo, nikasainishwa kiapo cha kutunza siri, na mwezi uliofuata nikapewa meza kwenye chumba cha kupimia uzito wa watoto. Kila mgonjwa aliulizwa kwanza kama ananikubali. Wengi walikubali kwa sababu waliniona nikianguka palepale kwenye korido mwaka uliopita, na mtu uliyemwona kalala sakafuni mate yakimtoka huna haja ya kumwogopa.

Swali la sita kwenye fomu lilikuwa hili: *Umejiona kuwa umejiangusha mwenyewe, au umeiangusha familia yako?*

Nililisoma mara nyingi mno bila kulisikia. Hilo ndilo kosa langu, na sitamsukumia nesi wala aliyeitafsiri fomu, ingawa huyo nina maneno naye.

Alikuja mkulima mmoja wa korosho kutoka Mpapura, mtu wa miaka hamsini hivi, niliyemwita mjomba kama tunavyowaita wote. Nilipofika swali la sita hakufikiri hata kidogo.

"Mara mbili," alisema. "Moja shambani, moja msikitini."

Niliweka alama kwenye kisanduku cha *siku chache* na nikamheshimu sana. Nikajisemea, huyu ni mtu anayezihesabu aibu zake.

Mwezi huohuo nilimsomea mwanamke wa Mtawanya. Alikuwa na miaka kama thelathini, mrefu, baibui lake limepigwa pasi, na ndani ya mkoba alikuwa na kikombe chake cha plastiki. Pale kliniki kuna ndoo ya maji ya kumezea dawa na vikombe vya watu wote. Yeye alichota kwa kikombe cha pale, akamimina kwenye chake bila midomo ya vikombe kugusana, akanywa, akafuta chake kwa leso na kukirudisha mkobani. Niliona. Nilikuwa na fomu ya kujaza, sikuuliza.

"Umejisikia huzuni, au kukata tamaa?"

"Mwislamu hakati tamaa," alinisahihisha, kama mwalimu wa madrasa.

Nikaandika hapana. Usingizi? Alilala sana, kwa sababu ya vidonge. Hamu ya mambo? Nzuri tu, alisema, kama vile nilikuwa namsalimia. Nikafika la sita.

"Umejiona kuwa umejiangusha mwenyewe, au umeiangusha familia yako?"

Uso wake ukafunguka. "Sijaanguka. Huu mwezi wa tatu sijaanguka hata mara moja, alhamdulillahi."

"Hongera sana, dada," nilimwambia, na nikaandika hapana. Jumla yake ilikuwa mbili. Chini ya fomu palikuwa na sentensi ya kuchagua, nikachagua: *hahitaji hatua zaidi*.

Kliniki iliyofuata hakuja, na iliyofuata hiyo pia hakuja. Nesi alipiga simu. Alipokea mama mkwe wake, akasema mkwewe amepona, vidonge hataki tena, asante kwa kujali. Nesi aliweka simu chini akaiangalia. Mtu anayeacha vidonge vya kifafa ghafla anaweza kuanguka mfululizo asiamke, na hilo kila mmoja wetu anaambiwa siku ya kwanza.

Mimi wakati ule nilikuwa na furaha yangu nyingine. Nilikuwa nimeanza kuzipanga fomu za miezi mitatu na kuzilinganisha na madaftari ya wagonjwa, ambamo idadi ya kuanguka kwa kila mwezi huandikwa. Nikaona kitu. Majibu ya swali la sita yalikwenda sambamba na idadi ya kuanguka, karibu mstari mnyoofu, na hayakwenda na kitu kingine chochote. Mtu aliyelia mbele yangu kwenye swali la pili alikuwa na sifuri kwenye la sita kama hakuanguka mwezi ule. Niliona nimegundua jambo: kwamba kila kifafa kinapompiga mtu anajiona ameshindwa na maisha, na kisipompiga anajiona mzima. Nilishaanza kuandika makala kichwani, na kichwa cha habari nilikuwa nacho.

Nilitaka mfano wa mtu mmoja tu wa kuipamba. Mjomba wa Mpapura alipokuja, nilimkalisha vizuri.

"Mjomba, mwezi ule uliniambia shambani uliiangusha familia. Uliiangushaje?"

"Familia nzima? Hapana. Nilimwangusha mke wangu tu." Alijikuna kidevu. "Tulikuwa tunapulizia mikorosho dawa ya salfa. Nikaona inakuja, nikamshika mkono, tukaenda chini wote wawili na mashine juu yetu. Alikohoa siku tatu."

Nesi, aliyekuwa anapanga madaftari nyuma yangu, aliacha kupanga.

"Na msikitini?" niliuliza, kalamu nikiwa nimeshaiweka chini.

"Msikitini nilimwangusha jirani yangu wa safu. Alikuwa kwenye rukuu, maskini. Mpaka leo hasimami karibu yangu."

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. Mjomba naye akacheka, kwa adabu, bila kujua anacheka nini. Mimi nilikuwa nimeinamia ile karatasi. Kwetu hakuna anayelitamka jina la kifafa mezani. Tunasema *ameanguka*. Mtu akisema fulani kaanguka jana, hakuna anayeuliza kaanguka kutoka wapi. Mama yangu mwenyewe, nikirudi nimechelewa, huuliza neno moja tu mlangoni: "Umeanguka?" Nimeishi ndani ya neno hilo miaka kumi na mbili, nikapewa karatasi yenye neno hilo niwasomee watu wanaoishi ndani yake, na sikulisikia. Nilimhoji mganga na majini yake, nikahoji vidonge, nikahoji hata kiapo cha siri. Swali nililolishika mkononi sikulihoji.

Kisha nikamkumbuka mwanamke wa Mtawanya na uso wake uliofunguka. Nilichukua fomu yake kwenye faili nikampa nesi. Hakucheka tena. Aliisoma mpaka chini, kwenye *hahitaji hatua zaidi*, akaona saini ni yangu.

"Tunamaliza hawa waliobaki," alisema, "halafu tunakwenda."

Tulipanda bajaji saa tisa alasiri mpaka Mtawanya. Nyumba ilikuwa ya matofali, uwanja umefagiwa, na mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya mihogo. Tulimwamkia, akaitika vizuri, akatukaribisha, akaagiza tuletewe maji. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi, maana nilikuja nikiwa tayari kwa mtu mbaya.

"Mkweo yupo?" nesi aliuliza.

"Yupo nyuma. Amepona, nilikuambia. Miezi mitano hajaanguka. Vidonge vya kazi gani tena?"

Alikuwa nyuma ya nyumba, peke yake, karibu na jiko la mafiga matatu lenye sufuria moja ndogo. Pembeni yake kwenye kichanja palikuwa na sahani moja ya kisamvu, kijiko kimoja na kile kikombe cha plastiki. Kichanja kikubwa cha vyombo vya nyumba kilikuwa upande wa pili wa uwanja. Alituona, akasimama, akamwamkia nesi. Kisha akaniangalia mimi.

"Msomi wa fomu," alisema.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi. Nilikuuliza vibaya."

"Uliniuliza kuanguka, nikakujibu kuanguka."

"Sikumaanisha hivyo."

"Sasa ulimaanisha nini?"

Nesi alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Alimaanisha hivi, mwanangu. Unajiona huna faida kwako wewe, au kwa watu wako?"

Mwanamke yule alichochea moto usiohitaji kuchochewa. Kisha alizungumza akiuangalia moto. Alisema alipoolewa hakuwaficha, waliambiwa, wakakubali. Alipoanguka mara ya kwanza mbele yao, sahani yake ikatengwa, kwa sababu ya mate. Mume wake aliahidi kwamba akiacha kuanguka atarudi kula na wenzake. Ndiyo sababu alikunywa vidonge bila kukosa hata siku moja, akiamka alfajiri kabla ya sala ili asisahau. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku aliyonijibu kwa furaha pale kliniki alikuwa anarudi nyumbani kuwaambia.

"Niliwaambia. Mama akasema alhamdulillahi, tungoje kidogo tuone. Nikangoja. Mwezi wa nne nikaenda kukaa kwenye sinia na wifi zangu. Wakainuka mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake. Mmoja kasikia mtoto analia. Mmoja simu inamwita." Aliinua sahani yake akaitazama kama ya mtu mwingine. "Sasa vidonge vya nini? Nimeacha kuanguka na sahani ipo palepale."

"Unafikiria kufa?" nesi aliuliza. Alilisema kwa sauti ileile ya kuuliza uzito wa mtoto. Mimi nilishtuka, mwanamke yule hakushtuka.

"Nafikiria kwamba nisipokuwepo, wao watapumzika."

"Mara ngapi unafikiria?"

"Kila siku, sista. Hakuna aliyeniuliza."

Nesi akamuuliza mengine, taratibu, moja baada ya moja, na kila alipojibu nesi aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, bila kusema pole na bila kusema usiwaze hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama. Sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Mwishowe mwanamke yule aligeuka kwangu.

"Na wewe? Una kifafa kama mimi. Ulijibu nini kwenye hiyo fomu yako?"

"Nilidanganya," nilisema. "Nilijibu hapana kila mahali."

"Kwa nini?"

"Kwa kiburi."

Alifikiri. "Basi afadhali mimi. Mimi nilikosea neno tu."

Ndivyo alivyonipiga, na nikastahili. Nikataka kufanya kitu cha kishujaa. Mama mkwe alikuwa amekuja, amesimama kwenye kona ya nyumba, kisu cha mihogo mkononi, akisikiliza. Nilichukua kijiko cha yule dada, nikachota kisamvu kutoka sahani yake, nikala mbele ya mama mkwe nikimwangalia machoni.

"Wewe na yeye si mnaumwa pamoja?" mama mkwe alisema. "Utaambukizwa nini tena?"

Yule dada alicheka. Lilikuwa ni cheko fupi, la puani, lakini lilikuwa lake. Nesi hakucheka. Alichukua kijiko kilekile mkononi mwangu, bila kukifuta, akala. Akala tena. Alimaliza sahani yote, akaomba maji, akanywa kwa kile kikombe cha plastiki.

"Miaka ishirini na sita nashika mate yao," alimwambia mama mkwe. "Ningekuwa nimeanguka zamani. Kisamvu kizuri. Karanga umetia wewe au yeye?"

"Yeye," alisema mama mkwe.

Sitasema kwamba siku ile sahani zilichanganywa. Hazikuchanganywa, na najua hivyo kwa sababu niliuliza baadaye. Kilichotokea ni kwamba mume aliporudi nesi alizungumza naye muda mrefu mlangoni, na hakuondoka mpaka mume aliposema yeye mwenyewe atakaa na mkewe usiku ule na kesho yake atamleta. Kesho yake alimleta, kwa pikipiki, amemkalisha katikati na mdogo wake nyuma akimshikilia. Yule dada alirudishiwa vidonge kwa utaratibu. Alionana na daktari wa afya ya akili, na akapangiwa kuonana naye kila wiki mbili. Aliendelea kwenda. Mara ya tatu alikwenda peke yake.

Mimi nilichukua kalamu, nikakata swali la sita kwenye kila fomu iliyobaki kwenye boksi. Juu yake nikaandika kwa mkono: *Unajiona huna faida, kwako mwenyewe au kwa watu wako? Hatuulizi kifafa.* Vidole viliniuma. Nesi aliniona, akaniletea kalamu ya pili.

Msimamizi wa zile fomu alikuja mwisho wa mwezi kuzikusanya. Alikuwa kijana wa rika langu, kitambulisho shingoni, viatu vyake vimeshika vumbi jekundu la njiani, mchovu. Alifungua boksi, akaona mwandiko wangu, akafungua karatasi nyingine, na nyingine.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe ni nani hapa?"

"Mgonjwa."

Alimtazama nesi, nesi akatazama ukuta. "Dada," aliniambia, akijitahidi kuwa mpole, "hili swali limeshapimwa. Ukibadilisha neno moja, hatuwezi kulinganisha na kwingine. Fomu zote hizi hazitahesabiwa."

"Lilipimwa kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu wanaoanguka?"

"Kwa Waswahili, dada. Kuiangusha familia ni Kiswahili cha kawaida. Kila mtu anaelewa."

"Najua ni cha kawaida. Mimi pia nilikielewa. Nimejaza fomu za miezi mitatu nikiwa nimekielewa vizuri kabisa."

Alikunja uso. Nilimweleza habari ya mashine ya salfa na habari ya rukuu, na nilimwonyesha mstari wangu mnyoofu kwenye daftari. Alisikiliza, nampa haki yake, alisikiliza. Lakini alisema hana mamlaka ya kubadilisha, atapeleka maoni, na kwa sasa ananiomba nisiguse fomu tena. Kisha, labda kwa kutaka kunithibitishia, alitoa kwenye begi lake fomu safi ambayo kalamu yangu haikuifikia, akatoka nayo mlangoni. Benchini wa kwanza alikuwa mwanamke wa Mtawanya, amekuja kuchukua vidonge. Akamwomba ruhusa, akampa. Msimamizi akasoma swali la sita polepole, kila silabi mahali pake.

"Unauliza kuanguka au kuangusha?" alisema yule dada.

"Vyovyote utakavyoelewa."

"Si kitu kimoja." Aliuweka mkoba wake mapajani. "Kuanguka, nimeanguka mara moja tangu nirudie vidonge. Kujiona sina faida, siku chache. Zamani ilikuwa kila siku. Kuiangusha familia, hapana. Wao ndio wameniangusha mimi. Hilo unaliandika wapi?"

Benchi lote lilikuwa limegeuka. Msimamizi aliangalia karatasi yake, juu mpaka chini, akitafuta kwa dhati. Hapakuwa na kisanduku. Niliitoa ile fomu mkononi mwake, nikaigeuza upande wa nyuma, mweupe, nikaiweka juu ya mkoba wa yule dada na kumpa kalamu. Alianza kuandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, na hakuna aliyemharakisha.